Kijibwa Hajui Tofauti ya Pedi na Mswala



Ndugu wasomaji, makala hii haikuandikwa ili kumshawishi mtu aingize mbwa nyumbani kwake. Hukumu ya kufuga mbwa bila ya haja inajulikana. Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa anayefuga mbwa asiye wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Mwenye swali juu ya hilo amuulize sheikh wake. Lakini ukweli wa mambo ni kwamba vijibwa hivi vya aina ndogo, Maltese, Chihuahua, Pomeranian na wengineo, wameshaingia katika maisha yetu tukipenda tusipende. Kuna mama aliyesilimu na watoto wake wakaja na mnyama wao. Kuna aliyeachiwa na ndugu aliyesafiri. Kuna mwanafunzi aliyepanga chumba kwa mwenye nyumba asiye Muislamu. Na kuna dada zetu wanaofanya kazi katika nyumba za watu, Kampala, Nairobi hata Dubai, ambao kazi yao ya kwanza asubuhi ni kufuta mkojo wa mbwa wa tajiri. Mnyama akishakuwa mikononi mwako ana haki juu yako, na katika haki zake mimi naweka mbele kufundishwa, kwa sababu mbwa asiyefundishwa hupigwa, kisha siku moja hutupwa barabarani.

Njia inayopendekezwa siku hizi kwa vijibwa wa kwenye maghorofa ni pedi na kizimba. Pedi ni kama nepi ya mtoto iliyofunuliwa: juu kitambaa laini, katikati kitu cha kunyonya, chini plastiki. Hutandikwa sakafuni na mbwa hufundishwa kukojoa hapo. Kizimba ni kitanda chake chenye mlango. Njia hii ni nzuri, siipingi. Ila imetoka kwa watu ambao sebuleni kwao hakuna kitu kinachotandikwa chini kikawekewa paji la uso. Sisi tukiichukua kama ilivyo tutajiharibia ibada, na lawama zote atabebeshwa mbwa.

Nieleze kwa nini. Mbwa hachagui mahali pa kukojoa kwa kutazama kama tufanyavyo sisi. Huchagua kwa pua na kwa nyayo. Katika wiki zake za mwanzo huzoea kile anachokikanyaga wakati wa haja. Aliyekulia kwenye majani hutafuta majani. Aliyekulia kwenye saruji hutafuta saruji. Na aliyefundishwa juu ya kitambaa laini hutafuta kitambaa laini. Sasa itazame sebule ya Muislamu: zulia, mkeka, mito ya chini, na mswala uliotandikwa kuelekea Qibla ambao tangu Alasiri umeachwa hapo hapo kusubiri Magharibi. Kwa nyayo za kijibwa ule mswala ni pedi, tena nzuri kuliko aliyonunuliwa. Anakwenda, anazunguka mara mbili, anakojoa, kisha anamtazama mwenye nyumba akingoja kusifiwa. Utasikia watu wakisema mbwa huyu anachukia sala, mbwa huyu ana shetani. Hana shetani. Amefanya kama alivyofundishwa.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: katika nyumba ya watu wanaosali, pedi tupu isitandikwe sakafuni. Iwekwe ndani ya sinia la plastiki lenye kingo, na juu yake pawe na wavu mgumu, ili anachokisikia miguuni kisifanane na nguo yoyote ya nyumbani. Lililo bora zaidi ni sinia la majani au udongo, likakaa kibarazani au kwenye sakafu ngumu karibu na bomba, mbali na chakula chake na mbali na anapolala. Mahali pawe pamoja, pasihamishwe. Wauzaji hukwambia utandike pedi kila kona mwanzoni. Kwao ni biashara, lakini kila pedi ya ziada inamwambia mbwa kuwa kitambaa chochote chini ni choo. Na miswala ikunjwe kila baada ya sala. Hilo tungepaswa kulifanya hata bila ya mbwa.

Wapo watakaouliza, kwa nini asitolewe nje tu tangu siku ya kwanza? Kama una uwanja wako ulio safi, mtoe. Lakini mtoto wa mbwa hakamilishi chanjo zake mpaka afikishe miezi 4 hivi, na virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara na kutapika, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kumshusha kutoka ghorofa ya nne mara 8 kwa siku hadi mahali wanapopita mbwa wa mtaa si kumsaidia. Hapo ndipo sinia lina faida. Chanjo zikikamilika, anayetaka mbwa wake ajisaidie nje aanze kumhamisha mapema, kwa sababu kila mwezi unaopita tabia inazidi kukomaa. Kwa kijibwa wa kilo 2 anayeishi ghorofani sioni ubaya sinia likawa la kudumu.

Nakuja kwenye kizimba. Wengi wetu moyo unasita, na unasita kwa haki, kwa sababu tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Hofu hiyo tusiiondoe, ila tujue kizimba kinafanya kazi gani. Mbwa kwa maumbile hapendi kuchafua anapolala. Kizimba kikiwa na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyoosha tu, atajizuia mpaka utolewe mlango. Kikiwa kikubwa, kona moja atalala na kona ya pili ataigeuza choo. Lakini maumbile hayo yana mpaka wake, na mpaka wenyewe ni kibofu. Kanuni inayotumika ni kuchukua umri wake kwa miezi na kuongeza 1. Hizo ndizo saa za juu kabisa anazoweza kujizuia mchana, na wa aina ndogo mara nyingi hafikii hapo. Wa miezi 2 basi ni saa 3 kwa shida. Sasa familia inatoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni, na kijibwa amefungiwa muda wote huo. Atafanya nini? Atajikojolea alipolala, na akishazoea kulala kwenye mkojo wake, silaha bora ya kumfundishia imevunjika. Huo si ufundishaji bali ni kifungo. Nyumba isiyo na mtu mchana itenge sehemu ndogo yenye uzio, kitanda upande huu na sinia upande wa pili, mlango wa kizimba ukiwa wazi. Na kama hata hilo halimkiniki, wasichukue mtoto wa mbwa.

Nyumba yenye sala 5 ina bahati ya ratiba. Atakayeamka kwa Alfajiri ampeleke kijibwa kwenye sinia kabla hajatia udhu, na kabla ya kulala baada ya Isha ampeleke tena. Ila nyakati za sala pekee hazimtoshi. Kati ya Alfajiri na Adhuhuri huku kwetu kuna saa 7 hivi. Apelekwe kila anapoamka, anapomaliza kucheza, na dakika 15 hadi 30 baada ya kula. Vijibwa wadogo hulishwa mara 3 au 4 kwa siku, kwani sukari yao ya mwilini hushuka upesi, kwa hiyo safari ni nyingi. Simama naye kimya. Akimaliza tu, msifu na umpe kipande cha nyama hapo hapo. Ukisubiri mpaka mfike jikoni, hatajua unamlipa kwa lipi.

Na fimbo? Kuna watu bado wanamsukumiza mbwa pua kwenye mkojo wake na kumpiga kofi. Chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo wake mwaka 2021 kuwa mbwa wafundishwe kwa kutuzwa, si kwa kuumizwa wala kutishwa. Lakini hata bila ya wao, fikiria anachojifunza kijibwa anayepigwa. Hajifunzi kuwa hapa si mahali pa kukojoa. Anajifunza kuwa mbele ya mtu huyu haikojolewi. Basi atakwenda nyuma ya kochi, na siku utakayosimama naye kwenye sinia atajizuia mpaka ugeuke. Wengine hujikojolea kwa woga mtu akiwainamia kwa sauti kubwa, na ukiongeza ukali nao wataongeza mkojo. Anayetoa matone matone kila mara, au mkojo wenye damu, ni mgonjwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Katika Suratul Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amewataja wanyama wa kuwinda wanaofundishwa, na kwamba watu huwafundisha kwa kile alichowafunza Yeye. Kumfundisha mbwa ni elimu, haihitaji hasira.

Tahara nayo haina njia ya mkato. Mkojo wa mbwa ni najisi, hilo halina mjadala. Sisi tunaofuata Imam Shafi tunaosha mara 7, moja kwa udongo, kwa hiyo weka kopo la udongo safi mkavu karibu na ndoo. Jirani kutoka Sudan anayefuata Imam Malik ataona mwili wa mbwa aliye hai ni tohara, basi msigombane kwenye ngazi. Jambo ambalo wengi hulikosea ni kupitisha tambara bichi na kudhani wamesafisha, kumbe wameitandaza najisi chumba kizima. Kwanza nyonya mkojo wote, ndipo maji. Usiumwagie jiki mkojo ambao haujasuuzwa, mvuke wake unaumiza kifua. Usitumie sabuni yenye amonia, kwani kwa pua ya mbwa inanukia kama mkojo na itamrudisha pale pale. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji husaidia kuondoa harufu. Pedi ibadilishwe mapema pia, kwa maana pedi iliyolowa mbwa huikwepa na kukojoa pembeni yake.

Limebaki la nani afanye. Mara nyingi mtoto ndiye aliyelia atake mbwa, baba akakubali, na kazi ikamwangukia dada wa nyumbani ambaye hakuulizwa. Naye anasali. Mtoto wa miaka 10 anaweza zamu ya Alasiri, na mzazi ashike ya Alfajiri. Dada akisaidia, apewe glavu, nguo ya kubadili na muda wa kujitwaharisha kabla wakati wa sala haujatoka. Na wewe dada unayefanya kazi kwa wasio Waislamu, liseme hilo siku ya kwanza unayoajiriwa, kwa upole na kwa uwazi, usingoje mpaka uchoke.

Vijibwa wa aina ndogo huchukua muda mrefu kushika. Wengine miezi 6, wengine mwaka. Ukiona huwezi, mtafutie mtu wa kumlea kabla hujamchukia. Mpe pamoja na kizimba chake na sinia lake, na umwambie saa anazokula na kitu alichozoea kukikanyaga akitaka kujisaidia.

Wabillahi tawfiq.