Kitenzi "Piga" Hakina Hatia

Miongoni mwa imani zinazopokewa bila kuhojiwa katika shule, makanisa na ofisi za Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, iko ile isemayo kwamba Kiswahili ni lugha maskini kwa sababu neno lake moja hubebeshwa kazi nyingi, ilhali Kiingereza na Kifaransa ni lugha za watu makini ambamo kila jambo limepewa neno lake. Imani hiyo ilirudiwa hivi karibuni mbele ya walimu wa shule za msingi waliokusanywa kwa mafunzo, na mkufunzi aliyeitamka, mtu aliyesoma na aliyelipwa ili asomeshe wengine, alileta ushahidi mmoja tu, yaani kitenzi "piga": wasemaji wa Kiswahili, alidai, hupiga simu, hupiga picha, hupiga pasi, hupiga kura, hupiga magoti na hupiga chafya, kana kwamba hawajui tendo jingine duniani. Walimu walicheka, na wengine wakaandika maneno yake madaftarini. Kicheko hicho hakifai kuachwa bila jibu, kwa kuwa mwalimu anayeidharau lugha anayofundishia hawezi kuwaficha watoto dharau yake.

Wanaisimu hutenganisha mambo mawili ambayo mkufunzi huyo aliyachanganya. Neno moja lenye maana nyingi zinazohusiana huitwa polisemi. Maneno mawili au zaidi yaliyokutana kwa umbo tu, bila undugu wa maana, kama "kaa" wa baharini, "kaa" la moto na kitenzi "kaa", huitwa homonimi. Hakuna lugha hai isiyo na polisemi, na Mmarekani George Kingsley Zipf alionyesha mwaka 1945 kwamba kadiri neno linavyotumika mara nyingi ndivyo maana zake zinavyoongezeka, jambo ambalo halihitaji hesabu kubwa kulielewa, maana watu wanapokutana na kitu kipya hawakimbilii kutunga neno jipya, bali hulichukua lile lililokwisha kuzoeleka midomoni mwao na kulisogeza kidogo. Maneno yenye maana moja tu, katika lugha yoyote, aghalabu ni yale ambayo hakuna anayeyahitaji kila siku.

Sasa itazamwe lugha hiyo inayosifiwa kwa umakini. Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, ilikipa kitenzi "set" maana zipatazo 430, zikaelezwa kwa maneno yapatayo 60,000, yaani kitabu kizima kwa ajili ya neno la herufi tatu. Kamusi hiyohiyo ilipoanza kufanyiwa marekebisho, "set" likapitwa na "run": mhariri Peter Gilliver alikaa na kitenzi hicho kimoja kwa miezi tisa, na ilipotangazwa mwaka 2011 hesabu yake ilikuwa imefika maana 645. Mtu hukimbia, na Waingereza husema "run". Mto hutiririka, injini hunguruma, pua huchuruzika, rangi ya nguo huchuja, mgombea husimama katika uchaguzi, mkurugenzi huendesha hospitali, na yote hayo kwao ni "run". Hakuna profesa wa Uingereza aliyewaita walimu wake ukumbini ili wakicheke kitenzi hicho.

Kipimo cha mkufunzi kikitumiwa kwa haki, matokeo yake yanamgeukia mwenyewe. Waingereza husema "set" jua linapokuchwa, zege linaposhika, mganga anapounga mfupa uliovunjika, mwindaji anapotega mtego, mwalimu anapotunga mtihani, mama anapoandaa meza, na sonara anapopachika kito katika pete. Hapo Kiswahili kimetoa vitenzi saba, kuchwa, kushika, kuunga, kutega, kutunga, kuandaa na kupachika, kila kimoja na tendo lake, wala hakuna mtoto wa Bunia anayekosea kati ya mtego na mtihani. Ikiwa neno moja kwa mambo mengi ni umaskini, basi Kiingereza ndicho kilichofilisika, na Kiswahili ndicho kinachostahili kukikopesha.

Kifaransa, lugha rasmi ya Kongo, nacho kinampa mkufunzi huyo jibu lilelile. Karani anayeona haya kusema "nitakupigia simu" hubadili na kuahidi "coup de fil", asitambue kwamba amesema "pigo la uzi". Jicho likitupwa mara moja ni "coup d'œil", yaani pigo la jicho. Msaada ni "coup de main", pigo la mkono. Jua likiunguza ngozi ni pigo la jua, na jeshi likiipindua serikali ni pigo la dola. Karani huyo amekimbia pigo la Kiswahili akaangukia pigo la Kifaransa, na sasa anajiona amestaarabika.

Kitenzi "piga" kina utaratibu wake, nao si mgumu kwa mwenye nia ya kuufuata. Mwananchi anayesubiri karatasi zake katika ofisi ya komini huona karani akikibonyeza kibati cha muhuri juu ya kidau cha wino, akakiinua, akakishusha juu ya karatasi kwa kishindo hata meza ikatikisika. Hapo mkono umepiga kwelikweli. Kutoka kwenye mguso huo wa ghafla maana husogea hadi kwenye mlio utokanao na mguso, ndipo ngoma na kengele hupigwa, kisha hadi kwenye mlio usio na mguso wa mkono, kama mluzi na chafya. Hata simu ina sababu yake, kwa kuwa jina hilo lilitumika kwanza kwa telegrafu, chombo kilichoendeshwa kwa kugongagonga kitufe. Katika matumizi haya "piga" ni kitenzi chepesi, yaani kitenzi kinachoiachia nomino inayokifuata uzito wa maana, chenyewe kikabaki kubeba nafsi, wakati na kauli. Huo ni mtambo wa kuzalisha vitenzi vipya bila gharama.

Watetezi wa imani ya umaskini wa Kiswahili hujibu kwamba katika Kiingereza muktadha huondoa utata. Hoja hiyo ni dhaifu kiasi cha kushangaza, maana inadhani muktadha umeruhusiwa kuishi London na kukatazwa kuvuka Ziwa Albert. Mama anapomwambia mpiga picha wa sokoni "mpige mtoto picha", hakuna jirani anayekimbia kumwokoa mtoto. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kunong'ona kwamba lugha iliyojaa "piga" hulea watu wa kupigana, maneno ya aibu kutamkwa katika mji ulioona vita vya mwaka 1999 hadi 2003, ambavyo vilikuwa na sababu zake katika ardhi, dhahabu, bunduki na majeshi ya nje, na havikusubiri ruhusa ya kitenzi chochote.

Madhara ya kukidharau Kiswahili yameshaonekana. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ukafika Ituri na kuua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020, kazi yote ya kupambana nao ilipewa jina la Kifaransa "riposte", neno ambalo lenyewe lina maana kadhaa, kuanzia pigo la kujibu katika mchezo wa upanga hadi jibu kali la maneno na shambulio la kulipiza. Wagonjwa na jamaa zao waliambiwa kwamba "riposte" imefika kijijini, kisha wataalamu wakastaajabu kwa nini watu hawakuwaamini.

Ipo pia dharau nyingine inayotoka upande wa pili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kazi hiyo ilifanywa kwa ajili ya maeneo yaliyotawaliwa na Uingereza, na Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Leo wasemaji wa Bunia huambiwa na wageni kutoka pwani kwamba Kingwana chao, yaani Kiswahili cha Kongo, kimeoza, na huambiwa na wasomi wao wenyewe kwamba hata hicho cha pwani ni maskini.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaziruhusu lugha hizo kuwa lugha za kufundishia. Walimu wa Ituri wanahitaji vitabu vya hesabu na sayansi vilivyoandikwa kwa Kiswahili, na fedha zilizotumika kuwakusanya ili waambiwe kwamba "piga" ni aibu zingenunulia shule zao kamusi.