Baa za Dar es Salaam na Haki ya Kusikilizana



Katika kurasa hizi yamekwisha andikwa mengi juu ya posho, nyumba na vyeo, wala hatukusudii leo kuyarudia. Twaleta shauri ambalo wengine wataliona dogo, pengine la kuchekesha: ya kuwa katika mji wa Dar es Salaam, ambao hesabu ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya 5,300,000, karani aliyefunga jalada lake saa tisa na nusu hapati kwa urahisi mahali pa kuketi na rafiki, kunywa chupa moja taratibu, na kusikia analoambiwa.

Tuseme wazi kwamba hatutetei ulevi. Sisi ni watoto wa shule za misheni, na tuliyofundishwa huko juu ya pombe hatujayasahau. Twajua pia kwamba Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwezi Januari 2023 ya kuwa hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Hayo hatuyabishi. Asiyekunywa na aendelee kutokunywa, soda yake tutamlipia; maana hata yeye akiketi nasi katika baa hizi hatasikia neno.

Shauri hili halikuzaliwa katika starehe. Mwaka juzi mwenzetu mmoja wa ofisini alitualika watu watatu jioni, akasema, "Ndugu zangu, nina neno." Tukaenda kwenye baa ambayo jina lake hatulitaji, kwa kuwa ziko mia kama hiyo. Spika zilikuwa mbili, kila moja kimo cha mtu, na moja ilikuwa nyuma ya viti vyetu. Mwenzetu aliinama mezani akasema kwa muda mrefu. Sisi tulisikia "mkopo", tukasikia "mwezi wa tatu", na mengine yote yalichukuliwa na ngoma. Tukaitikia kwa vichwa, kama watu waliosikia. Mmoja wetu, akidhani ameelezwa kichekesho, alicheka sana. Mwenzetu akatutazama, akalipa chupa zote, akainuka.

Baada ya majuma matatu hakuonekana kazini. Ndipo tulipopata habari kwamba mkopeshaji wa mtaani alikuwa ameshika kadi yake ya benki, na kila mwisho wa mwezi mshahara uliishia mikononi mwa mtu huyo, hata nyumbani kwake wakala kwa kukopa dukani. Akaacha kazi, akaondoka mjini. Deni lenyewe tulipolijua, lilikuwa la kiasi ambacho watu watatu wangaliweza kuchanga kwa miezi minne bila kuuza hata baiskeli. Alikuwa amekwisha tuambia. Hilo ndilo linalotuuma: si kwamba alificha, bali alisema, nasi tukacheka.

Huenda mtu akauliza, kwa nini hamkuhama? Tuhamie wapi? Zamani kidogo ilikuwapo grosari ya mtaani: meza tatu barazani, viti vya plastiki, redio ndogo juu ya jokofu, na mwenye duka anayejua nani hunywa ya baridi na nani ya moto. Wazee waliostaafu walicheza bao pale, na kijana mpya kazini alijifunza kwao mambo ya ofisi yasiyoandikwa katika kanuni yoyote. Siku hizi hata grosari ya meza tatu ina spika ya kutosha uwanja wa mpira, na jirani yake anayo nyingine, kila mmoja akishindana kuuzima wimbo wa mwenzake. (Siku ya Simba na Yanga tunaisamehe. Siku hiyo hata sisi hupiga kelele.)

Wenye baa hujibu kwamba kelele ndiyo iletayo wateja. Haya na tuyapime. Huko Uingereza, mwaka 1946, mwandishi George Orwell aliieleza gazetini baa aliyoitamani, na moja ya sifa zake ilikuwa kwamba haina redio wala kinanda, watu waweze kuzungumza. Mwishowe alikiri kwamba baa hiyo haikuwapo. Lakini mwaka 1979 mfanyabiashara Tim Martin alifungua London baa yake ya kwanza, ikawa mwanzo wa kampuni ya Wetherspoon. Baa zake nyingi hazipigi muziki, na kadhaa zimepewa jina lile lile la baa ya Orwell, The Moon Under Water. Leo zahesabiwa kwa mamia. Basi kimya hakijamfilisi mtu yule.

Twashuku sababu ni nyingine. Mwaka 2008 watafiti wa Ufaransa, Nicolas Guéguen na wenzake, walitoa habari ya vijana 40 waliowatazama katika baa mbili. Muziki ulipokuwa wa desibeli 72, kijana alikunywa kwa wastani bilauri 2.6 za bia. Ulipopandishwa hadi 88, alikunywa 3.4, na kila bilauri akaimaliza upesi zaidi kwa dakika tatu hivi. Hatuapi kwa jina la bwana huyo, kwani baadhi ya kazi zake nyingine zimetiliwa shaka. Lakini nani kati yetu hakuyaona haya mwenyewe? Asiyeweza kuzungumza atafanya nini na kinywa chake ila kunywa? Yule tunayeambiwa anatuburudisha, anatuharakisha.

Yupo pia mhudumu, ambaye hakuna amtajaye. Taasisi ya Marekani ya afya kazini imeweka kipimo cha desibeli 85 kwa saa nane, na kelele ikifika 100 muda hupungua hadi dakika 15. Binti aletaye chupa zetu husimama mbele ya spika tangu jioni hata usiku wa manane, akisoma midomo ya wateja. Sisi tunaodai haki za watumishi, huyu si mtumishi?

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na kanuni za kelele na mitetemo ni za mwaka 2015. Mwaka 2023 baa kadhaa zilifungwa kwa ajili hiyo. Hatukushangilia. Mlango ukifungwa Ijumaa, anayelala njaa Jumamosi ni yule binti, na mwenye baa hulipa faini akafungua tena. Twataka sauti ipunguzwe, si mlango ufungwe.

Wala tusiwalaumu wengine tu. Ni sisi makarani tunaopita penye utulivu tukapaita mahali pa wazee, tukaenda panapong'aa taa ili tuonekane. Chama cha watumishi Waafrika kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922, mkuu wake akiwa Martin Kayamba, kiliwakutanisha Waislamu na Wakristo, watu wa makabila mbalimbali, wakazungumza mpaka wakaelewana. Chama hakianzishwi kwa ishara za mikono.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili katika mkutano ujao. La kwanza, karamu yetu ya mwisho wa mwaka isikodishiwe spika; atakayetaka kuimba aimbe kwa koo lake. La pili, kila mwanachama anayeijua grosari au baa ambayo watu wanne wanaweza kusikilizana bila kupaza sauti, alete jina lake na mtaa wake kwa karani wa chama, nasi tutaibandika orodha ubaoni, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi tutapeleka fedha zetu huko. Mpaka leo orodha ina majina mawili, na moja la Tabata bado hatujalihakikisha.