Tumbili 766 na Watu wa Asilimia Mbili

Orodha imetoka tena. Ile ya asilimia mbili ya wanasayansi wanaonukuliwa zaidi, tunayoiita ya Stanford kwa kuwa mtayarishaji wake, John Ioannidis, yuko huko, ingawa takwimu zake ni za hifadhidata ya Scopus, mali ya kampuni ya Elsevier. Ikishatoka, vyuo vyetu huchapa mabango yenye picha za maprofesa waliovaa tai, pongezi hufurika kwenye makundi ya WhatsApp, na hakuna anayeuliza huyo tunayempongeza alivumbua nini.

Sina ugomvi na waliomo. Baadhi yao wameandika katika jarida hili. Ugomvi wangu ni na kamati za kupandisha vyeo, zinazofungua Scopus kabla ya kufungua makala. Makala yenyewe mara nyingi haifunguliwi kabisa.

Chukueni mfano mmoja. Aprili 1947, watafiti wa homa ya manjano wa Entebbe, Uganda, waliweka tumbili wa aina ya rhesus ndani ya vizimba juu ya miti katika msitu wa Zika, wawe chambo cha mbu. Tumbili namba 766 akapandisha homa. Majimaji ya damu yake yakadungwa kwenye ubongo wa panya, panya wakaugua kutokana na kirusi kipya, Zika. Januari 1948 kirusi kilekile kikapatikana kwa mbu wa msitu uleule. George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow wakayachapisha hayo London mwaka 1952.

Baada ya hapo, kimya cha zaidi ya nusu karne. Nje ya wataalamu wachache wa virusi, nani alijali? Ukaja mlipuko wa kisiwa cha Yap mwaka 2007, ukaja wa Brazil mwaka 2015, na Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Ghafla kila aliyeandika kuhusu Zika, awe São Paulo au Atlanta, alilazimika kuanza na makala ya 1952. Hakuna nukta iliyokuwa imeongezwa ndani yake. Kilichobadilika ni kwamba ugonjwa ulikuwa umewafikia watu wenye majarida.

Sasa chukueni kipimo tunachokisujudia, kile cha hadhi ya jarida, kinachohesabu manukuu ya miaka miwili tu baada ya kuchapishwa. Kwa hesabu hiyo, kazi ya Entebbe ilikufa mwaka 1954. Kamati ya leo ingemshauri Dick abadili mada. Na kuna jambo ambalo hata manukuu ya 2016 hayakulirekebisha: waandishi ni watatu, na hakuna Mwafrika hata mmoja, ilhali wasaidizi waliokesha kwenye majukwaa ya mitini wakikamata mbu walikuwa wenyeji. Hao hawana kipimo cha h, kile cha manukuu ya mtafiti mmoja mmoja. Asiyeandikwa hanukuliwi.

Kinyume chake ni makala ya Oliver Lowry ya 1951 kuhusu kupima protini, iliyonukuliwa zaidi ya mara 300,000, wakati ile ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu muundo wa DNA haikuingia hata kwenye mia moja za kwanza jarida la Nature lilipozipanga mwaka 2014. Lowry mwenyewe hakuona kwamba ni makala kubwa. Alikuwa ameandika mbinu ya maabara, na kila aliyeitumia alimtaja.

Halafu kuna zile makala za mzigo wa magonjwa duniani, zenye waandishi mamia. Kipimo cha h alichobuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005 hakiulizi mlikuwa wangapi. Mtu akitoa jedwali moja la wilaya tatu, anarudi nyumbani na manukuu maelfu, na mwakani tunamwona kwenye bango.

Na kuna kazi ambayo manukuu hayaioni kabisa. Tanzania ilipoacha klorokwini kama dawa ya malaria mwaka 2001 na kuhamia dawa ya SP, ilitegemea tafiti za usugu wa vimelea zilizofanywa katika vituo vyetu vya afya. Mganga wa zahanati aliyebadili dawa hakumnukuu mtu. Alibadili dawa. Scopus hailioni hilo, na mimi sielewi kwa nini kamati nayo isilione. Mwombaji alete makala zake tano tu, pamoja na mwongozo wa wizara au mafunzo ya wauguzi yaliyotokana nazo, na wajumbe wazisome. Azimio la San Francisco la 2012 kuhusu tathmini ya utafiti limeshasema karibu hayo, na wakuu wa vyuo wanalijua.

Katika toleo hili, makala ya kwanza inachambua watafiti wanaojinukuu wenyewe, kwa ukali unaostahili. Ya pili inatetea vipimo. Nimeichapa kwa sababu imeandikwa vizuri, si kwa sababu imenishawishi. Ya tatu ni ya majarida kanyaboya. Mhakiki wa kitabu amechelewa, kama kawaida yake.

Barua za kunipinga zinakaribishwa. Zisizidi kurasa mbili, na tafadhali msiambatishe wasifu.