MTOTO NAYE AHESABIWE

Askari yeyote aliyepata kusimama zamu anajua kwamba taarifa yenye makosa ina hatari kubwa kuliko kukosa taarifa. Kamanda anayeambiwa kwamba ghalani mna chakula cha siku kumi, kumbe mna cha siku tatu tu, atawaongoza vijana wake njaani bila kujua. Ndivyo lilivyo taifa linalopima umaskini wa raia wake kwa kipimo kisichomwona mtoto.

Kwa muda mrefu Uganda imepima umaskini kwa mstari uliotokana na chakula. Wataalamu walikadiria gharama ya kalori 3,000 kwa siku, wakifuata vyakula vya watu maskini wa mwaka 1993, kisha wakaongeza mahitaji mengine yasiyo chakula. Idara ya Takwimu ya Uganda, UBOS, hukadiria matumizi ya kaya nzima na kuyalinganisha na mstari huo. Kaya ikiwa chini ya mstari, wote waliomo huhesabiwa kuwa maskini. Ikiwa juu, hakuna hata mmoja anayehesabiwa hivyo. Kipimo hiki kina manufaa yake, kwani huonyesha kama maisha ya wananchi yanapanda au yanashuka mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, huishia mlangoni. Hakiulizi ni nani ndani ya nyumba aliyekula, wala ni nani aliyelala bila blanketi.

Tuchukue mfano wa askari ambaye jamaa yake wanaishi Ludara, katika Wilaya ya Koboko iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005. Mshahara wake hufika kila mwezi, na kwa hesabu ya mstari kaya yake si maskini. Lakini yawezekana mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare, hana viatu, na akipatwa na homa hununuliwa nusu tu ya dawa alizoandikiwa. Katika vitabu vya serikali mtoto huyo hana shida. Katika maisha yake shida anayo tangu alfajiri hadi usiku.

Kasoro hiyo ndiyo iliyowafanya wataalamu watafute kipimo kingine. Mwaka 2003 Peter Townsend na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walihesabu watoto wa nchi zinazoendelea kwa kutazama wanachokosa wao wenyewe: maji, choo, chakula, afya, makazi, elimu na habari. Waligundua kwamba zaidi ya nusu yao, watoto wapatao bilioni moja, walikosa vibaya angalau kimoja kati ya hivyo.

Uganda nayo ikachukua hatua. Katika uchunguzi wa kaya wa mwaka 2016/17, wananchi waliulizwa kwanza ni vitu gani ambavyo mtoto wa Uganda hapaswi kuvikosa. Miongoni mwa vitu vilivyoulizwa ni milo mitatu kwa siku, nguo za kubadilisha, viatu, blanketi, ada na sare ya shule, na matibabu pamoja na dawa zote. Ndipo ikaulizwa ni watoto gani wanaovikosa kwa sababu wazazi hawana uwezo. Kwa mstari wa zamani, maskini walikuwa asilimia 21.4 ya wananchi wote. Kwa kipimo kipya, kilichotolewa na UBOS pamoja na UNICEF, watoto maskini walikuwa asilimia 56. Nchi ni ile ile, na mwaka ni ule ule.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu walikua bila viatu wala blanketi, na bado wakawa watu wa maana. Sisi hatukubaliani nao. Orodha ile haikuletwa na wageni. Ilipimwa kwa maoni ya wananchi wenyewe, wakiwemo wakulima wa mihogo na mtama wa Nile Magharibi. Mzazi anapotamka kwamba mtoto hapaswi kukosa dawa, hatamki anasa.

Bado pana upungufu. Uchunguzi wa kaya huchagua kaya chache, na matokeo yake hutolewa kwa mikoa. Mtoto wa Ludara huchanganywa na watoto wa Nile Magharibi yote, na shida ya tarafa moja humezwa na wastani wa mkoa. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na ina wakimbizi katika kambi ya Lobule. Ni mahali ambapo wastani unaweza kuficha mengi. Twaiomba UBOS iitumie hesabu ya watu ya mwaka 2024, iliyokusudiwa kufika kila nyumba, ili hali ya watoto ijulikane hadi ngazi ya tarafa.

Ndugu askari na polisi, kazi hii inawahusu. Mnapowasindikiza wachukua takwimu mipakani, nyendeni kwa upole, kwani mwananchi mwenye hofu hasemi kweli. Mnapoulizwa ninyi wenyewe, msione haya kutaja yanayokosekana nyumbani kwa sababu ya heshima ya sare. Waandikisheni watoto wenu wanapozaliwa, maana mtoto asiye na cheti ni rahisi kusahauliwa. Ninyi polisi wa kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, ambao aghalabu huwa wa kwanza kumwona mtoto aliyetelekezwa, andikeni kila tukio kwa ukamilifu.

Zaidi ya hayo, kila aliye mbali na kwao, mshahara utakapotoka mwezi huu, na aulize kwa barua au kwa simu: Je, watoto wamekula mara ngapi leo? Wana viatu? Wamekwenda shule? Majibu ya maswali hayo matatu yatamweleza hali ya nyumba yake kuliko kiasi cha fedha alichotuma.