TAHARIRI: RELI HAIVUKWI KICHWA KICHWA



Msimu wa alizeti umefika na mikokoteni imeanza kuvuka reli kwenda ghalani. Sisi tunaoandika ukuta huu tunasema mapema: ile nguzo ya alama ya X pale kivukoni haipo tena. Imekatwa, chuma kimeuzwa chakavu, na bei yake sidhani kama ilifika debe moja la mahindi. Hatumtaji mtu, lakini kijiji chetu ni kidogo.

Wapo wanaosema, "Aa, treni si inapiga honi!" Kweli inapiga. Lakini upepo ukivuma kinyume huisikii, na kijana wa bodaboda aliyeziba masikio kwa muziki ndiyo kabisa. Toroli ya mafundi nayo hupita kimya. Mnakumbuka Manyoni, Novemba 2023: basi liligongana na treni kivukoni, watu 13 wakafa.

Reli mpya ya umeme imewekewa uzio na madaraja. Hii yetu ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, vivuko vyake vingi havina geti wala taa. Dereva wa treni hawezi kukwepa, na mabehewa yaliyosheheni huhitaji hata kilomita nzima kusimama. Akikuona, hata akifunga breki zote, atakufikia tu.

Basi mkokoteni usimame hatua kumi kabla ya reli, mmoja ashuke atazame huku na huku, ndipo maksai wavuke. Gurudumu likinasa, jamani, acheni magunia! Fungueni maksai, watu waondoke, kisha vijana wawili wakimbie kando ya reli, mmoja upande huu, mmoja ule, maana hamjui treni itatokea wapi. Mchana wapunge kitambaa chekundu, usiku tochi. Taa inayopungwa kwa nguvu, dereva anajua maana yake ni simama.

Tunaiomba kamati itenge posho ya kijana wa bendera kwa miezi ya mavuno, na iandike barua stesheni kuomba alama mpya. Mweka hazina anasema fedha iliyopo ni ya kununulia magunia. Tumemsikia, ila magunia hayo yatavuka wapi?

Vichaka vya kona ya mashariki vinavyoficha treni vitafyekwa Jumamosi, saa 1 asubuhi. Stesheni masta ameshakubali. Kila kaya ilete panga.