Mwanao anamtambuaje adui kwenye filamu?

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Shinyanga. Mpwa wangu wa miaka saba alikuwa sebuleni, ameinamia simu ya baba yake, anaangalia filamu ya Batman iliyotafsiriwa Kiswahili. Jirani yetu, bibi wa zaidi ya miaka sabini, akapiga hodi kuomba chumvi. Nilimpa, akashukuru, akaondoka.

Mtoto akaninong'oneza: "Mama mdogo, bibi yule ni adui."

"Kwa nini?"

"Si umeona macho yake? Mekundu."

Mzazi mwenzangu, pengine kwingine ningecheka. Hapa kwetu sikuweza. Shinyanga na Geita tunajua wanawake wazee waliokatwa mapanga usiku kwa sababu ya macho hayohayo.

Filamu aliyokuwa akiangalia ni The Dark Knight ya mwaka 2008. Ndani yake yumo Harvey Dent, mwanasheria mzuri wa sura na mwenye msimamo wa haki. Anaungua nusu ya uso na kupoteza mchumba wake, na tangu hapo anakuwa muuaji. Mtoto wa miaka saba haelewi uchungu wa kufiwa. Anachokiona ni uso ulioungua, na mwenye uso huo kawa mbaya.

Yumo pia Joker. Kwenye vitabu vya katuni alikoanzia mwaka 1940 alikuwa na ngozi nyeupe na tabasamu pana. Filamu hii ikamwongezea makovu kwenye pembe za mdomo. Hali ni hiyohiyo kwa Doctor Poison wa Wonder Woman. Kwenye vitabu vya miaka ya 1940 alikuwa akijifunika uso, lakini filamu ya mwaka 2017 ikampa uso ulioharibika.

Madaktari nao wameliona hili. Mwaka 2017 jarida la JAMA Dermatology la Marekani lilichapisha utafiti uliolinganisha maadui 10 maarufu wa filamu za Kimarekani na mashujaa 10. Maadui sita kati ya hao kumi walikuwa na dalili za ngozi kama makovu, upara, mikunjo mizito na weusi kuzunguka macho. Mwaka uliofuata Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, ilitangaza kuwa haitatoa fedha kwa filamu ambazo adui anatambulishwa kwa makovu ya uso.

Tuseme ukweli: filamu hazikutuletea imani hizi. Vikongwe waliuawa kabla kijiji hakijaona televisheni. Ila mtoto anayesikia mtaani kuwa macho mekundu ni ya mchawi, kisha akaenda kibanda umiza na kuona adui mwenye jicho la kutisha, anakuwa amefundishwa somo moja mara mbili.

Na somo hilo si la bibi peke yake. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino huko Bukombe, ambayo leo iko mkoa wa Geita. Watoto wenye ualbino walilazimika kuacha nyumba zao na kuishi kituo cha Buhangija ili wawe salama. Waliwindwa kwa sababu ya ngozi yao.

Je, tuzime filamu zote? Hapana. Zipo zinazomwonyesha adui kwa namna bora zaidi. Magneto wa X-Men alipotokea kwenye katuni mwaka 1963 alikuwa mtu mbaya tu, bila maelezo. Filamu ya mwaka 2000 inaanza akiwa mtoto, anatenganishwa na wazazi wake kwenye kambi ya Wanazi. Killmonger wa Black Panther, filamu ya mwaka 2018, ni mtoto aliyekuta baba yake ameuawa. Unawaonea huruma, na bado unaona kwamba wanachofanya ni kibaya. Hapo ubaya uko kwenye matendo.

Nyumbani unaweza kuanza hivi:

Kaa naye. The Dark Knight kule Marekani ina alama ya tahadhari kwa watoto walio chini ya miaka 13. Kwenye simu na kibandani hakuna wa kumwambia mtoto hivyo isipokuwa wewe.

Muulize swali moja: "Huyu amefanya nini kibaya?" Akijibu "ana kovu", mwambie hilo si kosa. Mwache atafute tendo.

Mweleze mwili. Kovu ni kidonda kilichopona. Wengi wetu tuliungua jikoni tukiwa wadogo. Ualbino ni ngozi kukosa rangi inayoikinga na jua, mtu anazaliwa nao na hauambukizi. Macho ya bibi yanawekundishwa na miaka mingi ya moshi wa kuni, mabua na samadi kavu, au na trakoma, ambayo wengi tunaiita vikope. Trakoma inatibika ikiwahiwa, kwa hiyo mpeleke bibi kituo cha afya, na jiko lake litobolewe dirisha la kutolea moshi.

Kataza majina ya utani yanayotokana na sura. Mtoto anayeitwa "Joker" darasani kwa sababu ya kovu la uji wa moto hacheki moyoni.

Mimi na mpwa wangu tulikwenda kwa bibi jioni ile. Alikuwa anapika ugali kwenye jiko lisilo na dirisha. Nikamwambia mtoto akae pembeni yake amsaidie kusogeza kuni. Hazikupita dakika kumi akatoka mbio anafikicha macho, machozi yanamtiririka. Nikampa simu yangu ajitazame kwenye kamera.

Akajitazama kwa muda. "Mama mdogo, na mimi nimekuwa mekundu."

"Wewe ni adui?"

Akatikisa kichwa. Kisha akauliza kama bibi huwa anapika humo kila siku.

Kila siku, nilimjibu. Jumamosi hii baba yake na vijana wawili wa jirani wanakwenda kutoboa dirisha.

Tukutane wiki ijayo.