Damu ya mlalahoi nayo ipimwe!

Kijana mwenzangu, ukikonda, ukitoka jasho usiku na tumbo likavimba upande wa kushoto, mtaani watasema umeukwaa, au umerogwa. Kumbe yaweza kuwa saratani ya damu iitwayo CML: kromosomu namba 9 na 22 zimekatika, vipande vikabadilishana nafasi, jeni mbili zikaungana, na chembechembe nyeupe zinazaana ovyo. Tangu 2001 kuna kidonge, imatinib, kinachoizima protini inayotengenezwa na jeni hiyo ya muungano. Wengi wanaokimeza kila siku huishi miaka mingi. Ila hakitolewi kwa kubahatisha. Lazima kwanza kipimo kiuone muungano huo. Vigogo hupimwa ng'ambo, wewe unaandikiwa dawa ya malaria! Mbunge akija kuomba kura, muulize: kipimo hicho kipo hospitali gani mkoani kwetu?